Mac O'Grady, daftari za MORAD, na mpira wako unaokata kulia

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nacheza gofu hapa Arusha, mkono wa kulia, hendikepu (kipimo cha uwezo) 18. Tangu mwaka jana nimezama kwenye mambo ya Mac O'Grady, mchezaji na mwalimu wa gofu wa Marekani. Nimetazama kila video yake ya zamani niliyoipata, na rafiki aliyeko Canada amenitumia picha za kurasa za daftari la mtu aliyewahi kukaa darasani kwake: mishale, pembe, na alama za P1 hadi P10, yaani hatua za swingi, mwendo mzima wa kupiga mpira. Nimeanza kubaki na uzito mguu wa kushoto kama michoro inavyoonyesha. Sasa mpira wangu unaanza kushoto kidogo halafu unakata kona kwenda kulia, vibaya kuliko zamani. Wenzangu klabuni wananicheka, ingawa wawili wameniomba hizo picha pembeni. Je, huyu bwana alijua kitu ambacho walimu wengine hawakijui? Niendelee au niache?

Jibu: Marahaba. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: moja linamhusu mtu, la pili linahusu mpira. Nitaanza na mtu kwa sababu ndiye aliyekunasa, na mpaka tumweke mahali pake hutanisikiliza nikikueleza habari za mpira.

O'Grady alizaliwa Minneapolis mwaka 1951, jina lake likiwa Phil McGleno. Jina hili tunalomjua nalo alijipa mwenyewe ukubwani. Alijaribu kufuzu kuingia PGA Tour, ziara kuu ya mashindano ya kulipwa Marekani, akaanguka mara 16, akapita mara ya 17, mwaka 1982, umri ukiwa umeshavuka miaka 30. Hebu fikiria hapo. Mwenye akili za kawaida angeshatafuta kazi nyingine baada ya mara ya nne. Alipoingia hakukaa kimya: aligombana na kamishna wa ziara hiyo, Deane Beman, kuhusu faini ya dola 500 iliyokatwa kwenye fedha zake za ushindi, na ugomvi ule ukakua mpaka akatozwa faini kubwa zaidi na kusimamishwa kwa muda. Katikati ya vurugu hizo alishinda Greater Hartford Open mwaka 1986 na Tournament of Champions mwaka 1987. Hayo ndiyo mataji yake yote ya PGA Tour. Mawili.

Ila wachezaji wenzake hawamkumbuki kwa mataji. Wanakumbuka kwamba alipiga mipira kwa mkono wa kulia na wa kushoto kwa ubora ambao kwa macho hungeweza kuutofautisha. Kwenye mashindano alicheza kulia, lakini akifika kwenye grini, penye shimo, anageuka na kuputi (kuusukuma mpira shimoni) kwa kushoto. Akafika mahali akawaomba wasimamizi wa gofu Marekani wamruhusu awe mchezaji wa kulipwa kwa mkono wa kulia na wa ridhaa kwa mkono wa kushoto. Walikataa, bila shaka. Mimi ombi lile nalipenda kuliko mataji yake yote mawili, maana linaonyesha jinsi kichwa chake kilivyofanya kazi: kwake yeye swingi ilikuwa kitu kilichojitenga na mtu, kitu chenye sheria zake, na mwenye kuzijua sheria hizo angeweza kukijenga popote, hata upande wa pili wa mwili wake.

Fikra hiyo hakuianzisha yeye. Mwaka 1969 Homer Kelley, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya ndege ya Boeing huko Seattle, alitoa kitabu kiitwacho The Golfing Machine. Aliigawa swingi katika sehemu 24, kila moja ikiwa na namna zake kadhaa, na juu yake akaweka masharti matatu yasiyovunjwa: kifundo cha mkono wa kushoto, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono, kiwe bapa wakati wa kugonga, kichwa cha fimbo kibaki nyuma ya mikono, na fimbo ifuate mstari mmoja ulionyooka kwenye mwinamo wake. Kitabu chenyewe kinasomeka kama mwongozo wa kufungua injini. Aliyekifanya kieleweke ni mwalimu mmoja wa California, Ben Doyle, na O'Grady alipitia mikononi mwake. Baadaye akaona Kelley hakufika mbali vya kutosha, akaanza utafiti wake akauita MORAD, kifupi cha jina lake na maneno ya utafiti na maendeleo.

Basi hapo ndipo siri inapoanza. O'Grady alifundisha watu wachache, akawataka wasitoe nje walichofundishwa. Kitabu cha MORAD kilingojewa miaka nenda miaka rudi, na hakikutoka. Kilichopo mtaani ni hicho ulichonacho wewe: picha za daftari za wanafunzi, video zilizochukuliwa kwa mbali na kamera ya mkononi, na simulizi za aliyemsikia aliyemsikia. Hata zile P1 hadi P10 zilitoka kwake zikasambaa, na leo walimu wengi duniani wanazitumia bila kujua zilikotoka. P1 ni ulivyosimama mbele ya mpira. P2 fimbo imelala sambamba na ardhi ikirudi nyuma. P4 ni juu kabisa. P6 fimbo imelala tena ikishuka. P7 ni kugonga. P10 ni mwisho. Ni namna nzuri sana ya watu wawili kuzungumzia swingi bila kupishana. Kwa maoni yangu ndiyo zawadi yake kubwa kwa ualimu wa gofu, na haina siri yoyote ndani yake.

Sasa uone kilichokunasa. Mwalimu wa kawaida anakuambia: sogeza kidole gumba, rudi wiki ijayo. O'Grady anakupa ahadi kwamba upo mfumo mzima, umekamilika, kila misuli ina nafasi yake, na kama hujapata majibu ni kwa sababu bado hujaipata kurasa inayofuata. Gofu ni mchezo unaoaibisha watu wazima wenye vyeo mbele ya makedi (wabeba fimbo) wao, na aibu hiyo inatafuta maelezo. Nadharia iliyofichwa haiwezi kushindwa. Ukipiga vibaya, wewe ndiye hukuielewa. Ukipiga vizuri, nadharia imethibitika. Ndiyo maana wanaokucheka na wanaokuomba picha pembeni ni watu walewale.

Na ukweli ni kwamba hata mabingwa walinaswa. Seve Ballesteros, mwenye mataji matano makubwa, alikwenda kwa O'Grady katika miaka ya 1990 wakati mgongo wake na dreva yake (fimbo ya kupigia mbali) vyote vilikuwa vimeanza kumsaliti. Inasimuliwa kwamba O'Grady alimchukua hadi jangwani California wakazika picha za swingi yake ya zamani ndani ya sanduku, kama mazishi kamili. Ballesteros alishinda tena Ulaya mwaka 1994, na Spanish Open mwaka 1995. Baada ya hapo hakushinda mashindano mengine ya ziara. Wafuasi wa MORAD wanakutajia 1994. Wapinzani wanakutajia miaka iliyofuata. Mimi naona pande zote mbili zinambebesha O'Grady mzigo ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa mgongo uliochakaa.

Mfano ulio karibu zaidi na tatizo lako ni Bobby Clampett, mwanafunzi mwingine wa Ben Doyle, kijana aliyelelewa kwenye mfumo wa Kelley tangu akiwa mdogo. Mwaka 1982 kwenye The Open pale Royal Troon alimaliza raundi mbili kwa mapigo 67 na 66, akaongoza kwa mapigo matano. Siku ya tatu aliliongeza pengo mapema, kisha kwenye shimo la sita akaingia mchangani, akatoka humo kuingia mchanga mwingine, na shimo likamla mapigo manane. Akamaliza siku na 78, kesho yake 77. Watu wakasema nadharia imemuua. Sikubaliani nao. Nadharia ileile ndiyo iliyompa 67 na 66. Mabanka (mashimo ya mchanga) ya Troon yanaua mtu yeyote. Lakini kuna somo moja nalitoa hapo: mfumo haukuambii la kufanya ukiwa mchangani na mapigo yanakutoroka, na mtu aliyezoea kutafuta majibu ndani ya mfumo huendelea kuyatafuta humo humo.

Kuna mtu mwingine ningependa umtazame kabla hujarudi kwenye daftari: Moe Norman wa Kitchener, Ontario. Alishinda ubingwa wa Canada wa ridhaa mwaka 1955 na 1956. Alisimama miguu imetanuka mno, mikono imenyooka kama iliyofungwa kwenye fimbo, kichwa cha fimbo kimewekwa mbali nyuma ya mpira, akapiga haraka bila kujaribu hata mara moja, na mpira ukaenda palepale. Tiger Woods aliwahi kusema kwamba ni watu wawili tu walioimiliki swingi yao, Ben Hogan na Moe Norman. Norman hakuwa na nadharia ya kuandika. Alikuwa na mipira, mingi, tangu utotoni, na viganja vilivyoota sugu. Nadharia ilikuja baadaye, wengine walipomtazama wakapima pembe zake wakaziuza kama njia. Aliyefuata pembe hizo bila ile mipira alibaki na miguu iliyotanuka.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu ndilo jibu la swali lako la kwanza. O'Grady alijua mambo mengi, na mengine alikuwa sahihi kabla ya wengi. Lakini alichokiandika ni maelezo ya mwili uliokwisha kujifunza. Aliandika kuhusu mikono iliyoshindwa mara 16 na kurudi renji, uwanja wa mazoezi, mara 16. Ukiusoma mchoro wake unasoma matokeo, halafu unadhani umesoma barabara.

Utaniuliza: mbona Bryson DeChambeau amefanikiwa? Naye alipewa The Golfing Machine na mwalimu wake akiwa kijana, akasoma fizikia Southern Methodist, akaagiza fimbo zake zote za chuma ziwe na urefu mmoja, akashinda US Open 2020 pale Winged Foot na tena 2024 pale Pinehurst. Tofauti ni kwamba DeChambeau anapiga akiwa na rada ya kupima mpira pembeni. Kila wazo linapimwa mchana uleule, na likishindwa linatupwa. O'Grady alifanya kazi yake katika zama za filamu na macho. Picha za filamu zilimwonyesha mwili. Zilimwonyesha kidogo sana kuhusu kile ambacho mpira unakisikia.

Na hapa tunaingia kwenye mpira.

Mpira na fimbo hugusana kwa muda wa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Ndani ya muda huo mpira haujui kama uzito wako uko kushoto au kulia, haujui P4 yako ilikuwaje. Unajua uso wa fimbo ulikuwa unatazama wapi, kichwa cha fimbo kilikuwa kinaelekea wapi, kwa kasi gani, na uligongwa na sehemu gani ya uso. Kwa miaka mingi walimu walifundisha kwamba mpira unaanza safari kufuata njia ya fimbo na unamalizia pale uso ulipotazama. Ni kinyume chake. Mwanafizikia Theodore Jorgensen wa Nebraska alilieleza hilo vizuri katika miaka ya 1990, na rada za TrackMan kutoka Denmark zilipoingia sokoni ubishi ukaisha: mpira unaanza karibu na pale uso unapotazama, kwa fimbo za chuma takriban robo tatu ya mwelekeo inatoka kwenye uso, na kwa dreva ni zaidi ya hapo. Kukata kona kunatokana na tofauti kati ya uso na njia.

Chukua maneno yako mwenyewe sasa. Mpira unaanza kushoto kidogo: uso wako unatazama kushoto kidogo ya shabaha. Unakata kulia: basi njia ya fimbo yako imekwenda kushoto zaidi ya uso. Umeona? Uso wako haujafunguka kama unavyodhani. Ukiendelea kuufunga kwa kugeuza mikono, siku njia itakapokaa sawa mpira utaruka moja kwa moja kwenye miti ya kushoto. Tatizo lako ni njia. (Na usifurahie kwamba kona hiyo si kubwa sana. Mko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Swingi hiyohiyo ukija nayo Dar mpira utakata zaidi.)

Njia yako imeharibika vipi? Sijakuona ukipiga, lakini nimewaona wengi waliochukua mchoro huo uliouchukua wewe. Wazo la kubaki kushoto lilienezwa mwaka 2007 na Andy Plummer na Mike Bennett, waliosoma kazi ya O'Grady wakatoka na mtindo wao wa Stack and Tilt. Katika mtindo huo uzito hauendi mguu wa kulia unaporudisha fimbo. Hiyo ni nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba mikono inarudi kwa ndani, ikizunguka kifua, bega la kushoto linashuka chini, na wakati wa kugonga nyonga zinasukumwa mbele na mwili unanyooka kwenda juu. Mtu akichukua nusu ya kwanza, akabaki kushoto huku mikono ikinyanyuliwa juu kama alivyozoea, fimbo haina pa kushukia isipokuwa kutoka nje kuja ndani, wima, kama anayepasua kuni. Michoro ya daftari haikuambii hivyo kwa sababu aliyeichora alikuwa darasani, akiona kwa macho yake kile ambacho hakuona haja ya kukiandika.

Kwa hiyo uendelee au uache? Acha daftari kwa miezi mitatu. Baki na kitu kimoja tu kutoka humo, kile ambacho karibu walimu wote leo wanakubaliana nacho: kwa fimbo za chuma, sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wa fimbo iwe mbele ya mpira. Hicho utakijaribu hivi. Ingia banka la mazoezi asubuhi kabla wenzako hawajafika. Chora mstari kwenye mchanga kwa mpini wa reki, unaotoka katikati ya miguu yako kwenda mbele yako. Hakuna mpira. Piga na chuma namba 8, nusu ya nguvu, kisha tazama. Alama ya fimbo ianzie kwenye mstari au kidole kimoja mbele yake, upande wa shabaha. Ikianzia nyuma ya mstari, uzito wako ulirudi kulia au mikono iliachia mapema. Piga tena. Usihesabu mipigo, hesabu alama zilizoanza mahali sahihi, na usitoke humo kabla alama hazijaanza kufanana.

Na alama hiyo inakupa habari ya pili bure. Weka fimbo nyingine chini kuelekea shabaha, uone mkwaruzo umeelekea wapi. Wako nina hakika utaelekea kushoto. Hapo sasa rudisha mikono kwa ndani kidogo, uhisi kama mkono wa kulia unapita karibu na mfuko wa suruali, na uchelewe kidogo kufungua kifua unaposhuka. Mkwaruzo utaanza kunyooka. Simu yako inatosha kuthibitisha: iweke nyuma yako, usawa wa mikono, ikitazama shabaha, rekodi kwa mwendo wa taratibu, simamisha kwenye ile P6. Fimbo ikiwa imelala sambamba na ardhi inaposhuka, kichwa chake kisionekane kimetokeza nje ya mikono. Kama kimetokeza, bado unapasua kuni. Ndiyo, natumia alfabeti ya O'Grady kukurekebisha. Nilikuambia ni zawadi.

Dreva usiiguse kwa falsafa hii. Pale unataka kugonga mpira ukiwa unaanza kupanda, na kubaki kushoto sana kutakuumiza. Pulizia uso wa dreva poda ya miguu, ile ya dukani, uone unagongea wapi. Ukigongea upande wa kisigino, ule ulio karibu na mpini, mpira utakata kulia hata kama kila kitu kingine umekifanya sawasawa, na utakuwa unalaumu njia kwa kosa la umbali uliosimama.

Ukitaka mwalimu, na ningependa umpate, usimpelekee daftari siku ya kwanza. Mpelekee video mbili, moja kutoka nyuma na moja kutoka mbele, na maneno matatu: unaanzia wapi, unakata wapi, unagonga sehemu gani ya uso. Wengi wa walimu wetu huku Afrika Mashariki walianza kama makedi. Walijifunza kwa fimbo moja ya kuazima na kwa kuwatazama watu wengine wakikosea, na macho yao kwenye njia ya fimbo ni makali kuliko kurasa zozote. Mwulize mkwaruzo wako unaelekea wapi, utashangaa atakavyojibu kabla hujamaliza swali.

Baada ya miezi mitatu, mpira ukianza kulia kidogo na kurudi katikati, fungua tena picha zako. Utazisoma tofauti, kwa sababu sehemu ya michoro ile utakuwa tayari unaifanya. Ukiona sasa mpira unaanza kulia na kubaki huko huko bila kurudi, njia imekaa sawa lakini uso umeachwa wazi. Hapo angalia mshiko wako wa mkono wa kushoto kwanza: uonekane vifundo viwili au vitatu ukitazama chini. Kama unaona kimoja, ugeuze kulia mpaka vionekane, upige mipira ya ndoo moja na chuma namba 8, kisha uniandikie.